Kamera Mpya au Bado? Somo kwa Matawi Yanayotaka Kubadili Vyombo vya Video

Katika barua zinazotufikia kutoka matawi ya nchi jirani, ombi moja limekuwa likirudi mara kwa mara. Tawi lina kamera ya video iliyonunuliwa miaka kadhaa iliyopita. Kamera hiyo imepiga picha za mikutano, mafunzo ya usalama kazini, sherehe za Mei Mosi na mazishi ya wenzetu. Sasa katibu, au ndugu aliyekabidhiwa kuitumia, anasema imezeeka, na anaomba tawi litoe fedha inunuliwe nyingine. Wanachama wanaulizwa wakubali au wakatae. Wengi hunyamaza, kwa sababu wanadhani jambo hilo ni la mafundi.

Somo letu la leo linasema kwamba jambo hilo ni la kila mwanachama. Fedha zinazoombwa ni ada. Zimekatwa kwenye mshahara wa mchuma chai, wa mkata mkonge na wa mshona nguo wa zamu ya usiku. Aliyetoa fedha ana haki ya kuuliza zinakwenda wapi, na ili aulize vizuri yampasa ajue mambo machache kuhusu chombo chenyewe. Mambo hayo hayahitaji shule ya ufundi. Tutayaeleza moja baada ya jingine.

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Wakasema pia, usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hizi ni nzuri, lakini zisiwe kisingizio cha kukumbatia chombo kilichokwisha kufa. Upo wakati wa kungoja na upo wakati wa kubadili. Kazi yetu ni kujifunza kuutambua kila mmoja.

1. KAZI KWANZA, CHOMBO BAADAYE

Swali la kwanza katika mkutano lisiwe "Kamera ipi ni nzuri?" Liwe hili: "Picha zetu ni za nani, na wataziona wapi?"

Kwa mfano, tawi linalopiga picha za mafunzo ya kutumia mashine kwa usalama litazionyesha kwenye ukumbi wa kiwanda, kwa televisheni moja au kwa kitambaa cheupe ukutani. Tawi linalotaka kuwapa habari wanachama walioko mashambani litazipeleka kwenye simu zao. Tawi linalokusanya ushahidi wa ajali litampelekea wakili au mkaguzi wa kazi. Hizi ni kazi tatu tofauti, na kila moja ina mahitaji yake.

Ndugu zetu wa Msumbiji walikutana na swali hili mapema. Nchi yao ilipata uhuru mwaka 1975, na mwaka 1976 ikaanzishwa Taasisi ya Taifa ya Sinema mjini Maputo. Taasisi hiyo ilitoa filamu za habari zilizoitwa Kuxa Kanema, nyeusi na nyeupe, na magari ya sinema yakazipeleka kwa watu ambao wengi wao hawakuwa wamewahi kuona sinema. Mwaka 1978 wakaja watu wenye mawazo tofauti kuhusu vyombo. Mfaransa Jean Rouch, aliyekuwa amepiga filamu nyingi Afrika Magharibi, aliendesha mafunzo katika Chuo Kikuu cha Eduardo Mondlane kwa kutumia Super 8, yaani filamu nyembamba ya milimita 8. Chombo hicho kilikuwa rahisi na chepesi, na waliopigwa picha waliweza kujiona baada ya muda mfupi. Jean-Luc Godard yeye aliitwa kutoa mawazo juu ya televisheni, naye akazungumzia video. Ruy Guerra, mzaliwa wa Msumbiji aliyejulikana sana Brazil kwa filamu zake, alisimama upande wa sinema kamili.

Hatutaki kuamua leo nani alikuwa sahihi. Tunachotaka mkione ni namna walivyobishana. Mabishano yale hayakuhusu chombo kipi kimetoka dukani mwaka ule. Yalihusu nani ataziona picha, baada ya muda gani, kwa gharama gani, na nani ataweza kuzitengeneza bila kungoja mtaalamu kutoka ng'ambo. Tawi lolote likiweka maswali hayo manne mezani, litakuwa limekwisha kufanya nusu ya kazi.

2. KINACHOTUKWAMISHA NI KAMERA KWELI?

Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Mara nyingi picha za tawi zikiwa mbaya, kamera ndiyo inayolaumiwa, hali kosa liko pengine. Hivyo, kabla ya kutoa hata senti, tuchunguze mambo manne.

Jambo la kwanza ni sauti. Mtu huvumilia picha hafifu, lakini asiposikia maneno huondoka. Kipaza sauti kilichomo ndani ya kamera huchukua kila kinachovuma: feni za kunyaushia majani ya chai, korona ya mkonge, jenereta, na upepo. Mzungumzaji akiwa umbali wa hatua tano, maneno yake humezwa. Ukinunua kamera ya bei kubwa na ukakaa hatua zile zile tano, yatamezwa vile vile. Dawa yake ni kipaza sauti kidogo cha kubana kwenye nguo, au cha kushika mkononi karibu na mdomo, pamoja na vipokea sauti vya masikioni ili mpiga picha asikie kinachoingia. Ikiwa kamera mliyo nayo ina tundu la kuchomeka kipaza sauti cha nje, huenda hapo ndipo tatizo litakapokwisha.

Tuchukue mfano wa wafanyakazi wenzetu. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha saa cha Lip, mjini Besançon, Ufaransa, walikikalia kiwanda chao kupinga mipango ya kuwapunguza kazi. Carole Roussopoulos alikwenda huko na video ya kubebeka ya siku zile. Picha zake zilikuwa nyeusi na nyeupe, na kwa macho ya leo ni hafifu. Lakini alimsogelea mfanyakazi mmoja wa kike na kumwacha aeleze mambo yote kwa maneno yake mwenyewe. Zaidi ya miaka 50 imepita, na picha zile bado zinaonyeshwa, kwa sababu maneno yanasikika.

Jambo la pili ni taa zinazopepesa. Tumeletewa malalamiko kwamba "kamera imeharibika, picha za ndani ya kiwanda zinacheza." Umeme wa nchi zetu huenda mizunguko 50 kwa sekunde, na baadhi ya taa za kiwanda hupepesa kwa kufuata umeme huo. Jicho halioni, lakini kamera huona. Kamera ikipangwa kwa picha 25 kwa sekunde, na kasi ya shata (muda ambao mwanga unaingia kwa kila picha) ikawekwa sehemu ya 1 kwa 50 ya sekunde, kwa kawaida kupepesa huko hutoweka. Baadhi ya kamera hutoka dukani zikiwa zimepangwa kwa nchi zenye umeme wa mizunguko 60. Kurekebisha hakugharimu kitu.

Jambo la tatu ni mtikisiko. Picha inayoyumba humchosha mtazamaji. Stendi imara ya miguu mitatu huondoa kasoro hiyo, na itawatumikia hata mtakapobadili kamera mara tatu.

Jambo la nne ni uchafu na unyevu. Vumbi la singa za mkonge, vumbi la saruji na hewa ya chumvi ya pwani huingia kila mahali. Ndani ya lenzi huweza kuota ukungu. Kabla ya kuihukumu kamera, apewe fundi aifungue na kuisafisha. Baada ya hapo itunzwe ndani ya sanduku linalofunga vizuri, pamoja na vifuko vya kukausha unyevu.

Tawi likimaliza kurekebisha mambo hayo manne na picha bado hazifai, hapo lina haki ya kuishuku kamera.

3. DALILI ZA KWELI ZA KUBADILI

Zipo dalili tano ambazo sisi huzihesabu kuwa za kweli.

(a) Mahitaji ya kamera hayapatikani tena. Kamera haifanyi kazi bila betri, chaja, na kanda au kadi ya kumbukumbu. Vitu hivyo vikitoweka madukani, kamera imekufa hata kama inawaka. Sony iliacha kuuza kanda za Betamax mwezi Machi 2016. Mwezi Julai mwaka huo huo kampuni ya Funai ya Japani ikaacha kutengeneza mashine za VHS. Aliyengoja hadi siku hiyo alikuwa amechelewa.

(b) Matengenezo yanazidi thamani. Fundi akisema kipuri hakipatikani, au gharama ya kutengeneza ikizidi nusu ya bei ya kamera ya mitumba iliyo sawa nayo, tuache kuitengeneza.

(c) Kazi zimepotea. Tawi liwe na daftari la kamera. Kila inapotoka iandikwe tarehe, kazi, na kama imerudi na picha. Mwisho wa mwaka daftari litasema ukweli. Kamera iliyozimika katikati ya mkutano wa mwaka, kisha ikazimika tena siku mkaguzi wa kazi alipofika, imekwisha kutugharimu zaidi ya bei yake. Lakini daftari likionyesha kazi 20 na picha 20, yule anayesema imechoka atueleze ni nani aliyechoka.

(d) Tunaowapelekea hawawezi kuzipokea. Kituo cha televisheni, chuo cha mafunzo au wakili wakisema hawawezi kufungua picha zetu, kwanza tuulize kama zinaweza kugeuzwa kwa kompyuta. Ikiwa haiwezekani, au kila mara inachukua siku nzima, hiyo ni dalili.

(e) Kazi yenyewe imebadilika. Tawi lililokuwa likipiga picha mchana uwanjani, sasa linatakiwa kupiga picha za zamu ya usiku ndani ya bohari yenye taa mbili. Kamera nyingi za zamani hushindwa gizani, picha zikajaa punje punje. Taa ya bei nafuu inaweza kusaidia, lakini kama hairuhusiwi kuwashwa mahali pale kwa usalama, basi chombo kingine kinahitajika.

Dalili moja ikionekana, tutafute dawa yake. Zikiwa mbili au zaidi, jambo lipelekwe mkutanoni. Na tuseme wazi mambo ambayo kwetu si dalili: kwamba kuna aina mpya dukani, kwamba tawi la jirani limenunua, au kwamba muuzaji ametoa punguzo hadi mwisho wa mwezi.

4. TUZIFUNGUE NAMBA ZA DUKANI

Muuzaji hupenda kututisha kwa namba. Tuzifungue wenyewe.

Picha ya video imefumwa kwa nukta, kama nguo ilivyofumwa kwa nyuzi. Kamera za kanda ndogo za kidijitali, zilizoanza kuuzwa mwaka 1995, zilitoa picha ya nukta 720 kwa 576, yaani nukta 414,720. Picha iitwayo HD kamili ina nukta 1,920 kwa 1,080, yaani 2,073,600. Hiyo ni mara 5 ya ile ya kwanza. Picha ya 4K iliyo ya kawaida ina nukta 3,840 kwa 2,160, yaani 8,294,400. Hiyo ni mara 4 ya HD.

Kutoka kanda kwenda HD, tofauti huonekana kwa kila mtu ukumbini. Kutoka HD kwenda 4K, mwanachama anayetazama kwenye simu ya kiganjani hataona tofauti kubwa, lakini mfuko wake utaiona kama video ikipelekwa kwake kwa ukubwa ule ule, kwa sababu italamba bando lake. Kwa ushahidi wa ajali, ambapo mtaalamu anataka kukuza picha asome namba ya mashine, 4K inaweza kuwa na faida. Ndiyo maana tulisema kazi kwanza.

Kuna gharama nyingine isiyotajwa dukani, nayo ni ya kuhifadhi. Kamera inayoandika megabiti 25 kwa sekunde hujaza takriban gigabaiti 11 kwa saa. Inayoandika megabiti 100, kama 4K nyingi zifanyavyo, hujaza gigabaiti 45 kwa saa. Mkutano wa saa 4 utachukua gigabaiti 45 kwa ile ya kwanza na 180 kwa ya pili. Na kwa kuwa picha za tawi lazima ziwe na nakala mbili, zidisha mara mbili. Kisha uliza kama kompyuta ya ofisi itaweza kuzihariri. Mara nyingi haiwezi, na hivyo aliyenunua kamera hujikuta ananunua na kompyuta.

Sasa tufanye hesabu kamili. Namba zifuatazo ni za mfano tu. Kila tawi liweke bei za mahali pake. Tuseme kamera ni shilingi 6,000,000. Betri za akiba, kadi, vipaza sauti, stendi na diski za kuhifadhia ni 2,400,000. Jumla 8,400,000. Tukitegemea itatumika miaka 4, kila mwaka ni 2,100,000. Ongeza 300,000 za matengenezo kwa mwaka, inakuwa 2,400,000. Tuseme kukodi kamera kama hiyo ni 150,000 kwa siku. Gawanya 2,400,000 kwa 150,000, unapata 16.

Maana yake ni hii: tawi linalopiga picha chini ya siku 16 kwa mwaka litakuwa limetumia fedha kidogo zaidi likikodi. Tawi linalopiga picha siku 40 linapoteza fedha kwa kukodi. Hesabu hii huchukua dakika tano, na tumeona mikutano iliyobishana saa tatu bila kuifanya.

Tusisahau pia kwamba simu ya kisasa hupiga picha za HD zinazofaa kwa habari za tawi. Ukiichomekea kipaza sauti na kuisimamisha kwenye stendi, kazi nyingi zitafanyika. Kamera kubwa huipita simu kwa lenzi inayovuta mbali bila kuharibu picha, betri zinazobadilishwa, matundu ya vipaza sauti imara, na uwezo wa kuandika saa nyingi bila kuzimika. Kama kazi zetu hazihitaji hayo, tusione haya kutumia simu.

5. KOSA TULILOLIFANYA SISI

Hapa hatuna budi kueleza kosa letu wenyewe, ili wengine wasilirudie.

Miaka ya nyuma halmashauri yetu ya elimu ilinunua kamera ya kadi. Ile ya zamani, ya kanda, tukamwuzia mpiga picha wa harusi mjini. Tulifurahi kwamba tumepata chochote kwa chombo kilichochakaa. Kanda zenyewe, 38 kwa idadi, tukaziweka ndani ya sanduku kabatini.

Baada ya miaka mitatu wakaja wenzetu wa shamba moja na madai ya fidia. Walikuwa wamenyunyiza dawa za mimea kwa miaka mingi bila glavu wala barakoa, na afya zao zilikuwa zimeharibika. Mwajiri alisema vifaa vya kujikinga vilikuwapo siku zote. Tukakumbuka kwamba tulikwisha wapiga picha wale ndugu wakiwa kazini, mikono mitupu, na wengine tuliwahoji. Ushahidi tulikuwa nao kabatini. Lakini kanda haisomeki kwa macho, na mashine ya kuzisoma tulikuwa tumeiuza.

Tukamtafuta yule mpiga picha. Kwa bahati kamera alikuwa nayo bado. Alitukodisha chombo tulichomwuzia sisi wenyewe, na hatukuwa na la kusema. Kanda ya saa moja hunakiliwa kwa saa moja, hivyo kanda 38 zilituchukua jioni nyingi. Kanda 33 zilisoma vizuri. Tano zilikuwa zimeota ukungu na hazikutoa kitu. Moja kati ya hizo tano ilikuwa mahojiano ya mzee aliyenyunyiza dawa kwa muda mrefu kuliko wote. Tulilijua jina lake kwa kuwa liliandikwa juu ya kasha. Wakati huo alikuwa amekwisha kufariki, na alichotuambia siku ile hakuna awezaye kukirudisha.

Tangu siku hiyo tumejiwekea kanuni: kamera ya zamani haiondoki mpaka kila kilichopigwa nayo kimenakiliwa, kimetazamwa, na kimehifadhiwa mahali pawili. Mahali pawili maana yake ni majengo mawili. Mwaka 1991 moto uliteketeza sehemu kubwa ya jengo na vifaa vya ile Taasisi ya Sinema ya Maputo tuliyoitaja. Moto hauulizi kabati lina nini.

Na tawi lenye kanda ambazo hazijanakiliwa lisingoje kununua kamera mpya ndipo lianze. Mashine za kuzisoma zinapungua kila mwaka, na kanda zenyewe zinazeeka. Ikiwa kuna fedha kidogo tu mwaka huu, zianze hapo.

6. USALAMA WA WALIOPIGWA PICHA

Chombo kipya huja na mambo mapya. Kanda ilikaa ndani ya sanduku, na mwenye ufunguo ndiye aliyeiona. Leo simu nyingi, na baadhi ya kamera, huweza kupeleka picha zenyewe kwenye hifadhi ya intaneti bila mtumiaji kukumbuka. Mfanyakazi aliyesema mbele yetu kwamba hakulipwa saa za ziada anaweza kupoteza kazi kama uso wake utafika asikotaka. Kwa hiyo kabla ya kununua tuulize: chombo hiki kinapeleka wapi picha, na tunakizimaje? Mambo hayo yazimwe siku ya kwanza.

Vile vile, picha iliyofutwa kwenye kadi mara nyingi huweza kurudishwa na mtu mwenye programu ya kazi hiyo, mradi hakijaandikwa kingine juu yake. Hivyo tukiuza kamera ya zamani, tuuze kamera tu. Kadi na kanda zibaki mikononi mwa tawi.

7. UAMUZI UFANYWE NA MKUTANO

Ombi la kununua kamera liletwe kwa maandishi. Liambatane na daftari la kamera la mwaka mzima, maelezo ya fundi, bei za maduka yasiyopungua matatu, na hesabu ya kukodi kama tulivyoonyesha. Lieleze pia nani atafundishwa kuitumia, na wawe watu wasiopungua wawili, mmojawapo akiwa mwanamke. Kamera inayojulikana na mtu mmoja humfuata mtu huyo akihamishwa.

Mkutano ukiridhika, fedha zigawanywe kwa utaratibu: kwanza kunakili vya zamani, pili sauti, tatu betri na hifadhi, nne stendi na taa, mwisho kamera. Baadhi ya matawi yatakapofika namba nne yatakuta kwamba ya tano haihitajiki mwaka huu. Mengine yatakuta kwamba inahitajika sana, na hayo yanunue bila woga, kwa sababu yatakuwa yananunua yakijua sababu. Kubahilia chombo ambacho kazi inakidai nako ni hasara kwa wanachama.

Ndugu wafanyakazi, dukani kutakuwa na kamera mpya kila mwaka. Lakini mzee wa shamba la dawa alizungumza mara moja tu. Tupime chombo chetu kwa swali hilo: je, akisimama mwenzetu leo kueleza yaliyompata, tutamsikia, tutamwona, na baada ya miaka 20 atasikika bado? Kama jibu ni ndiyo, kamera iliyopo inatosha. Kama ni hapana, tutafute ni wapi panapovuja, na fedha za wanachama ziende hapo.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA VIKUNDI

1. Taja kazi tatu zilizofanywa na kamera ya tawi lenu mwaka uliopita. Nani waliziona picha hizo, na wapi?

2. Sikilizeni pamoja mkutano mmoja uliorekodiwa. Maneno mangapi hayasikiki, na kwa sababu gani?

3. Fanyeni hesabu ya kununua na kukodi kwa bei za mji wenu. Namba yenu ya siku ni ngapi?

4. Tawi lina kanda ngapi za zamani? Ziko wapi, nani ana ufunguo, na mashine ya kuzisoma iko kwa nani?

5. Nani katika tawi lenu wamewahi kutoa ushahidi mbele ya kamera? Picha zao zinalindwaje?